Ratili Mia Dirishani

Jumatatu, 5 Juni 1950

Wameununua. Mchezo wangu, Ghorofa ya Tano, utaonyeshwa kwenye televisheni mwezi wa nane, moja kwa moja kutoka studio, na watu watauona mpaka Chicago. Habari kaniletea Russ Haverkamp, atakayeuongoza. Majira ya baridi alikuja kuutazama kwenye kile kijiukumbi chetu cha mtaa wa chini, akatoka analia, pua nyekundu. Nampenda mwanamume anayelia bila kutafuta leso.

Nimemwambia Baba wakati wa chakula. Alikuwa anakula maharage na mboga chungu, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo nitaonekana pale kwa Cosimo?"

Cosimo ana baa chini ya jengo letu, na televisheni juu ya chupa kwa ajili ya ndondi.

"Ataonekana mtu anayekuigiza, Baba."

"Mrefu?"

"Sijui bado."

"Wachague mrefu. Na asiwe mcheshi. Tulikubaliana, Mena."

Tulikubaliana kweli. Baba amebeba barafu mtaa huu wa Harlem ya Mashariki mpaka magoti yakamfia. Mwishoni alibakiwa na mteja mmoja, mjane wa ghorofa ya tano. Mwanawe yule mama alimnunulia friji, mama akaificha nyuma ya pazia, akaendelea kuagiza barafu ili mzee asikose mlango wa kugonga. Akishaondoka mzee, barafu inatupwa kwenye karo. Siku moja upepo ukapeperusha pazia na Baba akaiona friji. Hakusema kitu. Alipasua barafu yake, akaipanga, akamwuliza mama hali ya mguu, akashuka. Kesho yake akapanda tena, na kesho kutwa.

Hakumsimulia mtu ila mimi, na ruhusa ya kuandika aliitoa kwa sharti moja: nisimfanye kichekesho. Hata ukumbini hakuja kuutazama, kwa kuwa una ngazi, na ngazi, asema, amekwisha kupanda za ukoo mzima.

Ijumaa, 9 Juni

Joto. Baba keshauambia mtaa mzima.

Jumatano, 14 Juni

Nimekutana na mdhamini. Si mwenyewe, mwenyewe yuko Michigan, na kumwona ni sawa na kumwona Papa. Nimekutana na mtu wake wa matangazo, Bw. Prentiss, mwenye suti ya kitani isiyojikunja hata akikaa. Kampuni inaitwa Nordhaven na inauza friji. Nimeandika, nimesoma tena, na bado imeandikwa friji. Mchezo wa mwuza barafu unalipiwa na wauza friji.

Nikamvuta Haverkamp pembeni. "Wameusoma?"

"Wamesoma muhtasari."

"Muhtasari ulisema nini?"

"Ulisema kuna friji ndani yake."

Prentiss akaninyooshea sahani ya biskuti. "Bi Lorusso, tumeupenda mno. Una friji, una mjane, una machozi. Kuna kitu kidogo tu."

Katika mji huu kitu kidogo ndicho kinachokuja kukukaba koo. Hakukitaja. Alisema kitakuja na mswada.

Alhamisi, 22 Juni

Mswada umefika. Nimetupa kikombe ukutani, jirani kagonga, na mimi nikamgongea.

Sasa niandike kwa utulivu. Mzee wangu, ambaye mchezoni anaitwa Rocco, sasa anaitwa Luigi. Ana masharubu yaliyosokotwa. Anaanguka kwenye ngazi mara mbili, na mara ya pili barafu inamwangukia. Anasema "mamma mia", kama Mwitaliano wa vichekesho, kila anapofungua mdomo. Na mwisho, ule mwisho, mwanamume anapoiona friji na kunyamaza, umekwenda. Sasa Luigi anavuta pazia, anashangaa, anafungua mlango wa friji, anaingiza kichwa, anatoka anacheka, anaikumbatia. Ndiyo, anaikumbatia friji! Mjane anachana kadi ya barafu iliyokuwa dirishani na muziki unapigwa.

Nikapiga simu.

"Russ, wewe ulilia," nikamwambia. "Pale ulipokuwa umekaa, kiti cha tatu, ulilia kwa sababu mzee alinyamaza. Sasa kwa nini anaongea?"

"Mena, sikiliza. Mwanamke mwenye friji nyumbani anayenunua barafu ni tusi kwa mdhamini. Ndivyo wanavyoliona."

"Anainunua kwa huruma."

"Huruma haiuzi friji."

"Uliyasema hayo kwa Prentiss au Prentiss ndiye aliyekwambia uniambie?"

Akakohoa tu. Huyo ndiye mtu wangu wa machozi. Baadaye akasema kwa sauti ya daktari kwamba nikitaka, jina langu linaweza kuondolewa. Mkataba nilikwishautia sahihi, na kitu pekee wanachoweza kunirudishia ni jina. Lakini hata hilo siwezi kulichukua, maana Baba kamwambia kila mwenye macho alitazame jina la Lorusso. Asiyekujua hakuthamini, sawa, lakini hawa wananijua, wamekula biskuti nami.

Ijumaa, 23 Juni

Nimekwenda ofisini kwao na kuwaeleza ile kadi, nikidhani hawaelewi wanachochana. Nikaichora ubaoni. Kila nyumba ilikuwa nayo. Ni kadi ya mraba, kila upande una namba yake: ishirini na tano, hamsini, sabini na tano, mia. Unaisimamisha dirishani, na namba iliyo juu ndiyo ratili za barafu unazotaka. Mwuza barafu anatazama kutoka barabarani, anakata, anapanda. Hapaitwi mtu, hapapigwi kelele. Nikawaambia kwamba madirisha ndiyo yaliyosema na Baba maisha yake yote.

"Nimeelewa, nimeelewa," akasema Haverkamp, anatazama saa.

Prentiss akasema, "Inapendeza sana kwa kamera." Hilo tu ndilo alilolisikia.

Jumanne, 27 Juni

Vita Korea. Baa ya Cosimo imejaa wanaume waliotazama juu. Baba kaniuliza kama vita vitazuia mchezo. Nilitamani niseme ndiyo.

Jumatatu, 3 Julai

Mzee Ditaranto amekufa kwa joto, akiwa amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Alikuwa mbeba barafu mwenzake Baba, njia yake ilianzia Barabara ya Kwanza hadi mtoni. Tumekwenda msibani. Wazee wote wa barafu walikuwepo, na wote bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, hata ukiwaona kwa nyuma unawajua. Mwenye kampuni ya mazishi ameleta mashine yake ya kupoza, inanguruma kama paka mgonjwa pembeni ya jeneza.

"Zamani," Baba akasema, "ingekuwa mia dirishani."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nalijua, ila sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo, mbele ya maiti. Ishirini na tano ilikuwa ya maziwa na nyama ya kila siku, lakini ratili mia haikuwa ya chakula. Nani ana kabati la barafu la kutosha mia? Mia ilikuwa ya kumlaza marehemu mpaka watu wa mbali wafike. Ukiona mia dirishani unavua kofia hapo hapo barabarani, unakata mia, unapanda bila kugonga wala kusalimia, unaweka, unashuka. Malipo hayatajwi. Na watu wa mitaa yote ya majengo ya ngazi walilijua hilo, Wairishi kule magharibi, Wayahudi kule chini, kila mtu.

"Tulikuwa tunajua msiba kabla ya padri," Cosimo akasema. Kabla ya baa naye alisukuma mkokoteni.

"Padri alikuwa anakuja kuniuliza mimi," Baba akasema. "Sabino, leo nani?"

Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka msibani. Nikiwa pale nikafikiria masharubu ya Luigi, nikatoka nje kabla sijafanya la aibu.

Jumanne, 11 Julai

Baba amenyoa nywele. Mchezo bado mwezi. Kinyozi kamwuliza sababu, naye kajibu, "Nafanya mazoezi."

Nilijaribu. Nikasema, "Baba, televisheni si kama jukwaa. Wamebadilibadilisha."

"Wamebadilisha nini?"

"Vitu."

"Mtu yule anapanda ngazi?"

"Anapanda."

"Anaiona friji?"

"Anaiona."

"Basi. Mengine ni mapambo."

Nikashindwa kusema. Mimi ninayetupa vikombe, mimi ambaye mwenye nyumba amenitishia kunihamisha kwa makelele, nilikaa mbele ya mzee mwenye shati la ndani nikawa bubu. Nikajichukia kuliko nilivyomchukia Prentiss, na hilo si jambo dogo.

Jumapili, 16 Julai

Sikukuu ya Bikira wa Mlima Karmeli. Mtaa wa 115 haupitiki kwa mishumaa na soseji. Baba amekaa kizingitini akialika watu. Kamwalika hata yule mwanamke anayeuza maboga ya kukaanga, ambaye hawajasemezana tangu kabla ya vita.

"Tarehe nane mwezi ujao, saa mbili usiku," anawaambia. "Binti yangu. Lorusso. Mtaliona jina."

Joto hili halina adabu.

Alhamisi, 27 Julai

Mazoezi yameanza, kwenye ukumbi wa dansi uliokodishwa, sakafu imechorwa chaki mahali pa ngazi. Mjane anaigizwa na Adele Vance, yule mwenye sauti ya asali kwenye tamthilia za redio ambazo kina mama husikiliza wakifua nguo. Kucha zake nyekundu. Nilipomwona nikasema moyoni, hapa tumekwisha. Luigi ni mtu mmoja kutoka vichekesho vya majukwaani, hana ubaya, anaanguka vizuri, ndiyo kazi yake. Akaja kuniuliza, "Bibi, baba yako alikuwa anaangukaje?"

"Hakuanguka," nikasema. "Miaka yote. Hata mara moja."

Akaona haya. Akaenda kuanguka.

Na barafu! Pale jukwaani tulikuwa na bonge la kweli, limewekwa kwenye karai mbele ya watazamaji tangu pazia lifunguke. Linayeyuka mchezo mzima, matone yanasikika watu wakinyamaza, na mwisho linabaki kipande cha mkononi. Studio ina taa kali, bonge halimalizi nusu ya kwanza. Kwa hiyo wametengeneza la kioo. Linang'aa kuliko barafu. Haverkamp kalipapasa mbele yangu akitabasamu: "Unaona? Halitayeyuka kamwe."

Nikamwuliza kama anaukumbuka mchezo aliolia. Akaniomba nisipandishe sauti mbele ya waigizaji.

Jumatatu, 31 Julai

Nimefukuzwa mara ya kwanza. Luigi alipokumbatia friji nilisema neno la Kibari, lugha ya kwao Baba kule Italia, ambalo nashukuru hawakulielewa, ila sauti waliielewa. Nikatolewa kukaa kwenye ngazi za nje.

Adele akatoka kuvuta sigara. Akakaa chini, na sketi yake ya bei.

"Huyo Luigi wenu ni balaa," akasema. Na sauti haikuwa ya asali. Ilikuwa ya bandarini.

"Wewe ni wa wapi?" nikamwuliza.

"Wa wapi tena? Mtaa wa 47, kule magharibi karibu na machinjio. Adele Vance ni jina la kazi. Kwa mama ni Bridie Gilhooly." Akapuliza moshi. "Wewe dada, unadhani ni wewe tu una hasira? Mimi nimeambiwa niicheke ile kadi halafu niichane. Mama yangu aliiweka kadi yake nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Ningeichana, angenijia usiku na mwiko."

Nimekaa siku nne nzima nikimdharau mwanamke kwa sababu ya kucha zake. Nimempa nusu ya mkate wangu, akaula wote.

Jumatano, 2 Agosti

Bridie amefanya kazi. Kamwendea Prentiss na sauti ya asali mpaka inadondoka: "Bw. Prentiss, mwanamke mwenye nyumba safi hachani karatasi sakafuni. Si afadhali kadi ibaki dirishani, kama pambo? Kama ukumbusho wa zamani?" Prentiss kafurahi. Usafi ndio dini yake. Kadi haitachanwa.

Kwa hiyo nimeshinda kadi na nimepoteza mtu. Sina sherehe.

Jumapili, 6 Agosti

Baba amepanga viti vya Cosimo mwenyewe. Kaweka chake katikati. Joto limefika mahali ambapo hata hasira inatoa jasho. Usoni nimejifanya mchangamfu, na Baba kaniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumatano, 9 Agosti

Niandike yote ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Mchana walifanya zoezi la mwisho studioni, mavazi na taa na kila kitu. Nilirudishwa kwa sharti la kufunga mdomo. Haverkamp alilisema mbele ya watu wote, kutoka kwenye chumba cha kioo, kwa kipaza sauti: "Mena, umebaki kwa hisani yetu. Kuanzia sasa sitaki neno lako hata moja. Hata liwe zuri."

"Hata moja?" nikauliza.

"Hata moja."

Wakaja kwenye picha ya mwisho. Luigi anaikumbatia friji, mjane anacheka, kamera inasogea mpaka dirishani, kadi imesimama pale, muziki. Ila kadi ilikuwa imewekwa ishirini na tano, na Prentiss hakuridhika. Akaja mwenyewe chini ya taa, suti yake haijakunjamana.

"Ishirini na tano ni namba ya kimaskini," akasema. "Hebu zungusheni. Hapo! Mia. Hiyo ndiyo namba. Nordhaven, mia kwa mia."

Mtu wa vifaa akaizungusha. Mia juu, nyeusi, kubwa, imejaa dirisha.

Nikamtazama Bridie, naye ananitazama. Alikuwa amesimama kando ya friji, mkono kwenye mpini, tabasamu la matangazo bado liko usoni, lakini macho ni ya Mtaa wa 47. Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyewahi kuishi kwenye majengo ya ngazi. Prentiss akamgeukia. "Unaonaje, Bi Vance?"

"Imependeza sana, Bw. Prentiss," Bridie akasema, taratibu. "Ingawa, mngemwuliza mwandishi."

Haverkamp akasema kutoka kwenye kioo chake, "Mwandishi amekwisha kusema."

Nami niliambiwa hata liwe zuri. Nikafunga mdomo kama nilivyoamriwa. Sijawahi kutii kwa raha namna ile. Nikachukua mkoba nikatoka, nikapanda treni kwenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu, mpaka bibi mmoja akahamia kiti kingine.

Kwa Cosimo palikuwa pamejaa hadi barabarani. Wazee wa barafu mbele, wamevaa kofia zao za Jumapili, mabega yao yameshuka upande mmoja kama mizani. Vijana nyuma na bia. Baba katikati na shati jeupe. Jina langu likatokea. Wakapiga makofi. Baba hakupiga, alitazama tu kulia na kushoto kuhakikisha wengine wamelisoma.

Kisha akaingia Luigi.

Alipoanguka mara ya kwanza vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Alipoanguka mara ya pili, na bonge la kioo likamtua tumboni, mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mzee Sabino, ndivyo ulivyokuwa ukituletea?" Na baa nzima ya nyuma ikacheka. Cosimo akamwambia kijana yule anyamaze au atoke. Baba alikuwa ameweka mikono magotini, hakuigeuza shingo yake. Sikio lake lilikuwa jekundu. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikiliangalia sikio lile. Kama wakati ule Prentiss angetokea mlangoni na suti yake, leo ningekuwa naandika haya nikiwa polisi.

Katikati wakatuonyesha tangazo, mwanamke mwenye aproni akipanga nyama kwenye friji. Hakuna aliyekwenda chooni. Wazee walikaa tu wakitazama sakafu.

Ikafika mwisho. Pazia likavutwa. Luigi akaingiza kichwa ndani ya friji, akatoka, "mamma mia", akaikumbatia. Mtu kwenye safu ya mbele akatema mate kwenye leso. Nikaona mkono wa Baba umeshika ukingo wa kiti, ananyanyuka. Alikuwa anataka kwenda nyumbani. Alikuwa anataka kupita katikati ya watu wale aliowaalika mwenyewe.

Hapo Bridie akageuka. Kwenye zoezi alitakiwa aichekee kamera. Hakucheka. Alikwenda dirishani, akasogeza pazia kwa vidole viwili kama mtu anayefunua uso wa aliyelala, akainamisha kichwa. Kamera ikamfuata, haikuwa na pa kwenda. Kadi ikajaa kioo cha televisheni ya Cosimo.

Mia.

Mzee wa kwanza kusimama alikuwa ndugu yake Ditaranto. Akavua kofia. Kisha wa pili, kisha safu nzima, viti vikisukumwa nyuma, kofia zikashuka vifuani. Hakuna aliyeambiwa. Muziki wa furaha unapigwa, mtangazaji anatuambia Nordhaven ni mia kwa mia, na wanaume wale wamesimama kama wako mlangoni pa wafiwa. Vijana wakaacha kucheka kwa sababu hawakujua wamekosea nini. Cosimo akapanda kwenye kreti akaizima sauti.

"Nani kafa?" mwanamke wa maboga akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwuza barafu," akajibu ndugu yake Ditaranto. "Huoni dirisha?"

Baba alikuwa keshasimama. Akavua kofia yake naye. Kisha watu wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja, kama tunavyofanya msibani, bila maneno, na yeye akaupokea kila mkono.

Tukapanda ngazi za nyumbani. Yeye hupumzika kila ghorofa. Ghorofa ya pili akafuta jasho. Ya tatu akashika ukuta.

"Uliiona kadi ile kabla?"

"Niliiona, Baba."

"Ukanyamaza."

"Waliniambia ninyamaze."

"Wewe tangu lini unasikia la mtu?" Akahema. "Mia haichezewi, Mena. Nimebeba mia za watoto wachanga. Wale wazee wamevua kofia kweli."

"Najua."

"Kwa hiyo aliyeniua ni wewe. Si wao."

Hasira yote ya kiangazi kizima ilikuwa imekwisha kwangu, na mahali pake hapakuwa na kitu cha kushika. Akapanda ngazi mbili, akasimama tena, akanipa mgongo.

"Afadhali," akasema. "Wao walitaka kuniacha hai nimekumbatia friji."

Ijumaa, 11 Agosti

Haverkamp kapiga simu. Simu za studio zinalia tangu Jumanne usiku, kutoka Brooklyn, kutoka Newark, kutoka Boston. Watu wanauliza nani alikufa kwenye ule mchezo, mbona hawakuonyeshwa. Mmoja kaipelekea Nordhaven kadi ya misa ya wafu, imelipiwa. Prentiss anadhani ni hujuma ya kampuni nyingine ya friji.

"Mena," akasema Haverkamp, "ile namba ina maana gani?"

"Nilikuchorea ubaoni. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Ungeweza kunionya siku ile."

"Kwa neno gani, Russ? Ulikuwa umeyakataza yote."

Akaniambia sitaandika tena kwa televisheni yoyote maadamu yeye yuko hai. Nikamwambia ajihadhari na joto. Bridie naye wamemwondoa kwenye orodha yao. Amerudi redioni, na amenialika kwa mama yake Jumapili.

Jumanne, 29 Agosti

Mvua, hatimaye. Nimeamka na hasira bado iko, imekaa mahali pake kama mpangaji mzuri. Sitaki iondoke. Lakini asubuhi nimefungua dirisha la mbele ili hewa iingie, nikasikia wazee wawili barabarani, chini ya mwavuli mmoja, wanamwita Baba.

"Marehemu! Habari za huko?"

Na Baba, kwenye dirisha la jikoni, na kikombe chake cha kahawa: "Huku baridi safi. Mnachelewa nini?"

Wakacheka, wakaendelea na safari yao. Nilipoingia jikoni nikaikuta kadi yake ya zamani kwenye kioo cha dirisha, ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana. Ilikuwa imewekwa ishirini na tano.